Siku Arobaini na Moja Bila Kuanguka

4 Machi, Jumatatu

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi bila kupiga hodi. Nilikuwa nimetoa maboksi ya dawa ya kikohozi barazani niyapange upya, ikabidi niyaokoe moja moja huku wateja wananitazama. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wanasema Daktari ana nguvu.

Mimi si daktari. Nina cheti cha kuuza dawa, duka lenye kaunta ya kioo, na friji inayonguruma kama mtu mwenye kinyongo. Mwaka wa kwanza watu waliponiita Daktari nilikuwa nawasahihisha. Mwaka wa pili nikachoka. Sasa ni mwaka wa kumi na nne, na anayeniita kwa jina langu nageuka kumwangalia mara mbili.

Daftari hili nimelinunua kwa sababu moja. Nina wazee kumi na mmoja wanaomeza vidonge vya mifupa kutoka dukani kwangu, kalsiamu na vitamini D, na mmoja wao ni mama yangu mzazi. Mvua za mwaka jana wawili katika mtaa huu walianguka wakavunjika, na mmoja hakuinuka tena kitandani hadi tulipomzika. Safari hii nitaandika siku kwa siku. Wanaonong'ona kwamba nawauzia wazee chaki watakuja kusoma wenyewe.

6 Machi, Jumatano

Ubao umetundikwa. Wazo ni la Mlinzi, mzee aliyelinda geti la kiwanda cha mabati miaka thelathini na bado anasimama kama analilinda. Aliniambia, "Pale getini palikuwa na ubao, Daktari. Siku bila ajali. Tulifika mia mbili na kumi. Wageni walikuwa wanavua kofia."

Basi nimenunua ubao mdogo mweusi nikaandika kwa rangi nyeupe: SIKU ZA WAZEE WETU BILA KUANGUKA. Chini yake ni nafasi ya chaki. Nimehesabu tangu Jumatatu, leo ni 3. Mlinzi akapiga saluti.

Kisha nikafanya onyesho langu la mkate. Nachukua kipande kilichokauka, nakiinua juu ili foleni yote ione, nasema, "Huu ndio mfupa wako bila vidonge." Nakifinya kinakuwa vumbi. Wazee wanacheka, lakini kila mmoja anashika kiwiko chake. Nalipenda sana onyesho hilo, siwezi kukataa.

7 Machi, Alhamisi. Siku ya 4.

Mama ana miaka sabini na sita. Kila asubuhi huenda kwa miguu hadi duka la mkate, kona ya tatu kutoka kwetu. Anakwenda kutafuta mkate mmoja, anarudi na habari za mtaa mzima. Leo nimemkataza.

"Mama, kuanzia leo kutoka hakuna. Nje ni utelezi."

"Nikae nifanye nini?"

"Kukaa ndiyo kazi yenyewe. Mifupa inajijenga ukiwa umetulia."

Hilo la mifupa kujijenga ukiwa umetulia sijui nililitoa wapi. Lilinitoka tu, na lilisikika vizuri. Nimemwongezea na kipimo: badala ya kidonge kimoja, viwili, kwa ajili ya mvua.

11 Machi. Siku ya 8.

Mvua. Matope hadi kaunta.

15 Machi, Ijumaa. Siku ya 12.

Leo ilikuwa siku ya wazee kuchukua vidonge. Kila mmoja akifika namuuliza mbele ya foleni, "Hujaanguka, sivyo?" Anajibu, "Sijaanguka, Daktari." Foleni inapiga makofi, naandika. Bibi Mkoba, rafiki wa mama anayebeba mkoba wenye kila kitu isipokuwa anachokitafuta, akasema, "Nani athubutu kuanguka hapa? Atakimbilia wapi?" Tukacheka mpaka friji ikanyamaza.

Fundi Saa, mzee anayetengeneza saa za mtaa mzima, hakuja mwenyewe, vidonge vyake alichukua mkwewe. "Hajaanguka, sivyo?" nikamuuliza. Akasema hapana, akaondoka haraka kwa sababu ya mvua.

19 Machi. Siku ya 16.

Mama analalamika tumbo limekuwa gumu, siku tatu hajapata choo. Nimemwambia anywe maji. Ndala zake zimelika mpaka unaweza kusoma gazeti kupitia soli. Nimemtania kwamba ni ndala za malaika, hazigusi chini. Akacheka. Nilipaswa kumnunulia nyingine.

22 Machi. Siku ya 19.

Mama anachechemea. Anasema amelala vibaya.

27 Machi, Jumatano. Siku ya 24.

Watu wanakuja kuupiga picha ubao. Mwenzangu wa duka la dawa la ng'ambo ya barabara naye kaja, kasimama akijitia hamnazo kana kwamba anatafuta panadoli. Nimevimba kichwa, nakubali, lakini mtu akijengewa jina na kazi yake mwenyewe afanyeje?

Bibi Mkoba hakuonekana siku tatu. Leo kaja, kajifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Nilipomuuliza akasema ni mafua. Nikampa methali ninayowapa wote: mficha maradhi, kifo humuumbua. Akasema, "Kweli mwanangu," akaondoka bila dawa ya mafua.

3 Aprili. Siku ya 31.

Mwezi mzima. Mlinzi kaleta chaki ya rangi ya njano kwa heshima ya tarakimu.

9 Aprili, Jumanne. Siku ya 37.

Mvua kubwa kuliko zote, umeme ulikatika saa sita. Nimerudi nikamkuta mama amekaa, anakula uji kwa mkono wa kushoto. Anasema wa kulia umechoka tu. Amevaa sweta.

10 Aprili. Siku ya 38.

Sweta tena.

11 Aprili. Siku ya 39.

Mvua imekatika, joto la kunata. Mama na sweta lake. Nimemuuliza kama ana homa. Hana.

12 Aprili, Ijumaa. Siku ya 40.

Nimemgombeza mama. Nimekuta vikombe vya tangu juzi havijaoshwa, nikamwambia mtu akishinda ndani kutwa nzima angalau vikombe viwili hawezi kushindwa. Naandika haya na sijui kwa nini yananikera. Labda nimechoka.

13 Aprili, Jumamosi. Siku ya 41.

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Saa saba mchana nilirudi nyumbani kuchukua kitabu cha risiti nilichosahau. Nilivua viatu mlangoni kwa sababu ya matope, kwa hiyo mama hakunisikia. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kaibana chupa ya vidonge vya mifupa kwa magoti, kainama, anafungua kifuniko kwa meno. Kile kifuniko cha kubonyeza na kuzungusha, ambacho mimi mwenyewe humsifia kila mteja kwamba mtoto hawezi kukifungua. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya paja.

"Mama, unafanya nini?"

Akashtuka, chupa ikaanguka, vidonge vikatawanyika sakafuni. Akaanza kuviokota kwa mkono wa kushoto huku akisema, "Nilikuwa sijaruka hata siku moja, mwanangu. Hata siku moja. Vya leo tu ndivyo vimechelewa."

Nikaukunja mkono wa sweta. Kifundo kilikuwa cha zambarau na kimejaa, na juu yake mkono umepinda kama kijiko kilichokanyagwa. Nimeona mikono mingi dukani. Sikuhitaji picha ya eksirei.

"Tangu lini?"

"Jumanne."

"Wapi?"

"Kwenye kizingiti cha bafu. Ndala iliteleza."

"Siku nne, mama. Mbona hukusema?"

Alinitazama kama mtoto anayemtazama mwalimu. Mama yangu, aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Akasema, "Ubao ulikuwa umefika thelathini na saba."

Sikuelewa mara moja, au sikutaka. Akaendelea taratibu, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Watu wanakuja kuupiga picha. Ningesema nimeanguka mimi, mama yake Daktari, wangesema nini juu ya dawa zako? Nilifikiri itapoa. Ile ya kwanza ilipoa yenyewe."

"Ipi ya kwanza?"

"Ya mwezi uliopita. Nyonga. Nilikwambia nimelala vibaya."

Nilikaa sakafuni katikati ya vidonge. Kwa siku nne nimelala chumba cha pili kutoka kwa mama aliyevunjika mkono. Nimempita asubuhi na jioni. Nimemgombeza kwa vikombe. Vikombe, Mungu wangu. Ningepewa nafasi ya kumeza neno moja katika maisha yangu, ningemeza hilo.

Hospitali walimpiga picha, wakaunyoosha mkono, wakamfunga plasta mpaka kwenye kiwiko. Alipouliza daktari wa kweli nani anamwangalia nyumbani, mama alinyoosha kidevu akasema, "Binti yangu. Ana duka la dawa." Nilitamani ardhi ipasuke inifiche.

14 Aprili, Jumapili

Leo tulionana na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu, ana kalamu nyuma ya sikio kama fundi seremala. Alimwambia mama asimame kutoka kitini bila kushika kitu. Mama alijaribu mara tatu. Mapaja yalitetemeka, akakaa.

"Bibi, zamani ulikuwa unatembea?"

"Kila siku, mjukuu wangu. Mpaka duka la mkate."

"Ukaacha kwa nini?"

Mama angeweza kunitaja, hakunitaja. Nikasema mwenyewe, "Nilimkataza mimi. Tangu mvua zianze."

Binti hakunilaumu, na ingekuwa nafuu angenilaumu. Akaniuliza vidonge anameza vingapi. Nikasema viwili, kwa siku. Nani alimwandikia viwili? Nikasema mimi. Alipimwa damu ikaonekana ana upungufu wa vitamini D? Hapana. Akaandika kila jibu, nami nikaijua kalamu ile: ndivyo ninavyoandika mimi mbele ya foleni.

Kisha akanieleza bila kiburi. Mtu mwenye upungufu hupewa vidonge, na vinamsaidia. Lakini kwa mzee anayeishi nyumbani kwake na hana upungufu, vidonge peke yake havijaonekana kumzuia asianguke wala asivunjike, na kuzidisha vitamini D hakuongezi kinga. Katika utafiti, wapo waliopewa dozi kubwa wakaanguka zaidi. Hata tumbo la mama kuwa gumu, kalsiamu inaweza kuwa ndiyo sababu. "Kinachomsimamisha mtu ni miguu yake, mama," akasema. "Miguu inataka kazi. Na kizingiti kile kirekebishwe, na ndala zitupwe."

Miguu inataka kazi. Mama yangu aliijua hiyo kabla hajamjua binti yule. Alikuwa anaifanya kila asubuhi, na mimi ndiye niliyempokonya, nikampa chupa.

15 Aprili, Jumatatu

Nitaliandika hili kwa sababu nikiacha kuliandika nitakuja kulikana.

Asubuhi mama aliniambia, "Mimi sitoki. Wasiponiona hawatajua. Nenda kazini kwako." Nilienda. Njiani nilikuwa nimeamua: nafika, nafuta, naandika sifuri. Mlinzi alikuwa ananingojea mlangoni na chaki ya njano. Nyuma yake wateja wanne. Akasema, "Leo ngapi, Daktari?"

Nikaandika 43.

Ni mkono huu huu ulioandika. Nilikunja ile tatu vizuri kabisa, na watu wakapiga makofi.

16 Aprili. 44.

Nimeandika tena.

17 Aprili, Jumatano

Nilikuwa nimeshaandika 45 Bibi Mkoba alipoingia. Duka lilikuwa tupu, mvua inapiga mabati. Nikamwamkia, akaitikia, akaweka mkoba juu ya kaunta.

"Mama yako yuko wapi? Siku nyingi simwoni hata dirishani."

"Ana mafua, bibi."

Akasema, "Hata mimi nilikuwa na mafua." Akakisukuma nyuma kitambaa cha kichwani. Juu ya nyusi palikuwa na kovu jekundu, refu kama kidole, ambalo halikushonwa na lingetakiwa kushonwa.

"Nilijigonga kwenye ukingo wa karo, bafuni kwenu," akasema. "Mwezi uliopita. Mama yako ndiye aliyenifunga. Tukakubaliana, yeye atanyamazia langu, mimi nitanyamazia lake la nyonga. Tulisema tusimharibie mtoto hesabu yake."

Tusimharibie mtoto hesabu yake. Nina miaka hamsini na mmoja. Vikongwe wawili wamejificha bafuni wakifungana vidonda kwa kitambaa ili mimi niandike tarakimu kwa chaki ya njano, halafu nikawapa na methali juu yake.

Nilimwambia yote pale pale: mkono, siku nne, vikombe, na ile 43. Nilidhani atanisema. Alitafuta leso mkobani kwa muda, hakuipata, akanipangusa kwa kitambaa chake.

"Umetukosea," akasema. "Usitake nikwambie hujatukosea. Sasa toka nje ukafute kile kitu."

Nilitoka. Mvua ilikuwa inakuja kwa upande, ubao ulikuwa umelowa, na 45 ilikuwa imeshaanza kutiririka. Niliifuta kwa mkono wa gauni. Nikauteremsha ubao wenyewe nikauweka nyuma ya friji.

19 Aprili, Ijumaa

Siku ya wazee. Safari hii sikuuliza mbele ya foleni. Nimeweka viti viwili kwenye chumba cha stoo, nikafunga mlango, nikaanza kwa kumweleza kila mmoja habari ya mama. Kisha nikauliza, "Tangu mvua zianze, umeanguka mara ngapi?" Nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Ulimi wangu ulikuwa unawasha.

Wazee kumi, ukimwondoa Fundi Saa, ambaye safari hii hata mkwewe hakuja. Saba wameanguka. Mmoja mara nne.

Mlinzi alikuwa wa mwisho. Aliketi, mgongo umenyooka, kofia gotini. "Mara mbili," akasema. "Ya pili ilikuwa hapa, barazani kwako. Ulikuwa ndani unakoroga dawa ya unga."

"Baba, na wewe ndiye uliyeniletea wazo la ubao."

"Ndiyo." Akaigeuza kofia. "Kiwandani pia tulikuwa tunaficha. Mtu akikatwa kidole tunamtoa kwa geti la nyuma, tunasema kakatikia nyumbani. Mimi ndiye nilikuwa nafungua geti. Ile mia mbili na kumi, mwanangu, haikuwa mia mbili na kumi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa napenda kukuona unavyofurahi."

Hakuniita Daktari. Ndio kwanza nimegundua hilo sasa ninapoandika.

Niliwaambia wote juu ya vidonge, yale niliyoambiwa na binti wa mazoezi, na kwamba waende kwanza wakapimwe, na wasizidishe kwa sababu yangu wala wasiache walichoandikiwa na daktari kwa sababu yangu. Wawili wamekasirika. Mmoja kaniambia kama nilikuwa sijui ningenyamaza.

20 Aprili, Jumamosi

Nimekwenda kwa Fundi Saa. Mkwewe alinifungulia mlango akiangalia chini. Mzee amelala tangu katikati ya Machi. Aliteleza uani, nyonga ikapasuka, hospitali walisema akae muda mrefu, na ile Ijumaa ya vidonge mtoto wa watu huyu alisimama kwenye foleni yangu akaniambia hapana. "Ulikuwa umeshajibu wewe mwenyewe," akanieleza kwa upole. "Mimi nikaitikia tu."

Mzee hakutaka kugeuza uso kutoka ukutani. Mezani kwake kulikuwa na vyombo vyake vidogo vimefunikwa kwa kitambaa. Nilisema nilichokwenda kusema. Nilisema sikujua, nikasema tena kwamba sikuuliza. Akasema, bado akiutazama ukuta, "Mimi mteja akileta saa, kwanza naifungua."

Nilikaa mpaka chai niliyowekewa ikapoa, nikaaga. Huyu hajanisamehe, na sikuja hapa kuandika kwamba kanisamehe.

29 Aprili

Kizingiti cha bafu kimesawazishwa. Mwashi alimaliza kwa saa mbili na nusu. Saa mbili na nusu tu.

6 Mei, Jumatatu

Mazoezi. Mama anasimama kutoka kitini mara tano, anapumzika, mara tano tena. Anahesabu kwa sauti, anadanganya akifika nne. Kisha anasimama kwa mguu mmoja akishika meza kwa mkono mzima, nami nyuma yake nimetanua mikono kama golikipa.

"Toka huko nyuma," akasema. "Unanipumulia."

Viatu vyake vipya vina soli ngumu na havipendi. Anasema ni viatu vya askari.

Dukani watu wameanza kuuliza ubao umekwenda wapi. Nawaambia. Kila ninapowaambia nashikwa na joto usoni, na halijapungua. Mwenzangu wa ng'ambo ya barabara kasikia, na amecheka, na ana haki.

20 Mei

Plasta imetolewa. Mkono umekonda kama wa mtoto, lakini unashika kijiko. Mvua za rasharasha. Mama ameomba kwenda duka la mkate. Nikamwambia tutakwenda wote. Akasema, "Wote kina nani? Mkate ni mmoja." Nikashika ufunguo wa mlango kwa muda, nikaufungua. Nilibaki barazani namtazama mpaka kona ya kwanza. Alirudi baada ya saa moja na dakika kumi, na habari za watu sita.

25 Mei, Jumamosi

Mvua ya mwisho mwisho, nyembamba, huku jua linawaka.

Saa tatu na robo nilikuwa nampimia mteja presha. Simu ikaita. Ni mama. Mama hapigi simu asubuhi, anasema simu ni ya jioni.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Nimeanguka."

Nyuma yake nilisikia watu wakiongea, na pikipiki ikipita. Yeye aliendelea kwa utulivu, "Niko hapa kona ya pili, nimekaa kwenye majani, sijaumia ila makalio. Mkono mzima, nyonga nzima. Watu wanataka kuniinua, nimewakataza. Nimewaambia namngoja binti yangu."

Nilimwacha mteja na kile kitambaa cha presha mkononi kimejaa upepo. Nilipita mbele ya foleni nzima, na Mlinzi akauliza kuna nini, nami nikasema kwa sauti ambayo hata ng'ambo ya barabara waliisikia, "Mama yangu ameanguka."

Nilikimbia kwenye matope kwa ndala za dukani. Alikuwa amekaa pale kando ya njia, miguu kainyoosha, mkate juu ya mapaja, na watu wamemzunguka. Aliponiona akanyoosha mikono yote miwili.

"Umechelewa," akasema. "Haya, niinue."